Tunakula Tusichoweza Kukisoma

Muhula huu niliwaomba wanafunzi wangu wa semantiki walete darasani pakiti tupu za vyakula wanavyovinunua vibandani: biskuti, soseji, tambi za kutiwa maji moto na vitafunio vya watoto. Nilidhamiria kuwaonyesha jinsi maana ya neno inavyopanuka. Badala yake tulimaliza saa nzima tukipapasa orodha za viambato. "E102," akasoma mmoja, kisha akanikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyeyaandika. Hiyo ni rangi ya manjano. E621 ni cha kukoleza ladha. Hawa ni walimu wa kesho, nao hawakujua walichokila asubuhi ile.

Lawama ya kwanza naielekeza kwa taaluma yangu. Kusindika, kwa asili, ni kukamua mafuta ya ufuta au maji ya miwa kwa kinu. Leo kitenzi hicho kimebebeshwa kila kitokacho kiwandani. Maziwa yaliyochemshwa na kufungwa yamesindikwa. Soseji iliyoundwa kwa wanga, rangi na kemikali za kuyashikamanisha mafuta na maji, nayo pia imesindikwa. Mwalimu anayemwonya mtoto dhidi ya vyakula vilivyosindikwa hajamwambia lolote, maadamu hata unga wa ugali umo.

Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, walianza mwaka 2009 kuvigawa vyakula kwa kadiri ya usindikaji wake. Kundi la mwisho ni la vile vinavyoundwa kwa dondoo na viongezwa ambavyo havipatikani katika jiko la nyumbani. Mimi naviita vyakula vilivyosindikwa kupindukia. Mwenye istilahi bora na ailete.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti, majuma mawili kwa kila aina ya mlo. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu akala hadi akatosheka. Katika majuma ya vyakula hivi walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, uzani wao ukapanda karibu kilo moja.

Nchini Chile, tangu 2016, pakiti yenye sukari au chumvi kupita kiasi huchapwa alama nyeusi ya pembe nane, na maneno yake ni ya Kihispania, lugha anayoisoma mtoto wa shule. Kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kuelezwa anachokinunua, na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa nini basi viambato visiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani?

Tulizipekua pakiti zote siku ile. Neno la Kiswahili tulilolikuta lilikuwa moja tu, limechapwa kwa rangi nyekundu upande wa mbele: "tamu".