Anayeuza tombola naye ni mfanyakazi

Wandugu wachimbaji, na ninyi ba mama wa mu kambi, tumezoea kuongea hapa juu ya mushahara wa mine na prime. Leo tunageukia mutu mwengine: yule anayesimama kutwa nzima mu magazini ya nguo za tombola, Lubumbashi ku soko ya Kenya, Likasi ao Kolwezi. Mara nyingi ni mutoto wenu. Tangu 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa ile programu ya "départs volontaires", jamaa nyingi zinakula kwa njia ya biashara, na watoto waliozaliwa mu nyumba ya mushahara wanalipwa sasa siku kwa siku.

Kazi yenyewe munaijua. Balo inapita Kasumbalesa, inafunguliwa asubuhi. Binti anachambua, anapiga pasi, anatundika, anabishana bei, anaangalia wezi. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi na mbili. Tukitoa saa moja ya kula, ni saa 10 kwa siku, saa 60 kwa juma. Sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma, tena zisipite 9 kwa siku. Zile 15 za juu ziko na bei yake: sita za kwanza zinaongezwa 30 kwa mia, zinazofuata 60 kwa mia. Mu mine mukinyimwa saa za kuongezea munaita delege siku ile ile. Mu magazini, nani aliisha kusikia habari yake?

Tuhesabu kidogo. SMIG, ni kusema mushahara wa chini kabisa, ilikuwa 7.075 FC kwa siku tangu agizo la 2018. Mwaka 2025 ikapandishwa mpaka 14.500. Gawanya kwa saa 8, inatoka karibu 1.800 kwa saa moja. Sasa tuseme binti anapewa 5.000 kwa siku. Kwa saa 10 ni franga 500 kwa saa. Haifiki hata sehemu ya tatu. Na siku shati inapotea, inatoka mu zile 5.000.

Patro atajibu: huyu hana kontra, ni wa siku-siku, anasaidia tu. Sheria haikubali jibu hili. Mutu wa siku akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, kumurudisha kazini mbele miezi ile haijaisha ni sawa na kumupa kontra isiyo na mwisho. Hapo anaingia mu haki zote: dawa kwake na kwa jamaa yake, likizo, na kwa mama anayezaa juma 14 za kupumzika kwa theluthi mbili za mushahara. Tena CNSS: 13 kwa mia anatoa patro, 5 kwa mia mfanyakazi. Vijana wanaicheka hii ya CNSS. Wazee ambao miaka yao haikuandikwa hawacheki.

Sasa neno gumu. Wenye magazini hizi si wageni peke yao. Kuna zilizofunguliwa kwa franga za mine, na bwana anayepigania prime yake kazini njo yule anayepita jioni ku magazini ya bibi yake kuhesabu mauzo na kumupa binti elfu tano. Tunajua balo inaweza kuwa mbaya, nguo zimepasuka, na kodi ni nyingi. Lakini faida ya balo nzuri hamuigawanye na binti. Mbona hasara ya balo mbaya munamubebesha?

Kwa ninyi munaotumika mule: nunueni kaye. Andikeni kila siku saa ya kuingia, saa ya kutoka, na franga muliyopokea. Kama kontra haikuandikwa, sheria inakubali mfanyakazi aihakikishe kwa njia nyingine, na kaye ile itawasaidia ku Inspection du Travail. Na ninyi ma delege wa sindika za mine, munaojua kusoma karatasi ya mushahara mustari kwa mustari, wapeni watoto hawa saa moja siku ya yenga, muwaonyeshe namna ya kuhesabu.