Ufa Mdogo Katika Ukuta Mkubwa

Wako watu wasemao ya kuwa elimu ya nyota haifai kutegemewa, kwa sababu wataalamu wake hubadili maneno yao. Zamani walifundisha kwamba jua huizunguka dunia. Sasa wafundisha kwamba dunia hulizunguka jua. Na kesho, husema watu hao, watafundisha neno jingine. Maneno haya yana sura ya hekima, lakini si kweli. Elimu hii yastahili kuaminiwa kwa sababu iyo hiyo: walio bora katika wataalamu wake hawakukubali kuficha kosa, hata lilipokuwa dogo sana.

Watu wa kale hawakuwa wajinga. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani aliyekufa mwaka wa 322 kabla ya Kristo, alifundisha ya kuwa dunia imetulia katikati ya ulimwengu, na ya kuwa vitu vizito huanguka kwa sababu hutafuta mahali pao pa asili, yaani hapo katikati. Baadaye, kadiri ya mwaka wa 150 baada ya Kristo, Ptolemy wa mji wa Iskanderia aliandika kitabu cha mwendo wa sayari. Aliweka duara juu ya duara, hata akaweza kutabiri mahali pa Zuhura, Mirihi na Mshtarii. Hesabu zake zilitumiwa na Waarabu na watu wa Ulaya kwa muda wa miaka ipatayo 1,400. Mwaka wa 1543 kilitolewa kitabu cha Copernicus, mtu wa Poland, kilicholiweka jua katikati. Lakini yeye naye aliyashika yale maduara, maana watu waliamini ya kuwa vitu vya mbinguni havina budi kwenda kwa duara, umbo lililo kamili.

Ndipo akatokea Tycho Brahe, mtu wa Denmark. Katika kisiwa cha Hven alizipima nyota kwa miaka kama ishirini, kwa vyombo vikubwa na uangalifu mwingi, wala hakuwa na darubini, kwa kuwa ilikuwa haijavumbuliwa. Alipokufa mwaka wa 1601 katika mji wa Prague, vipimo vyake vilifika mikononi mwa msaidizi wake, Johannes Kepler.

Kepler alikuwa akiitafuta njia ya Mirihi. Alifanya hesabu miaka mingi, kwa mkono wake, hata akapata duara lililopatana na vipimo vya Tycho karibu kila mahali. Lakini mahali pengine palibaki tofauti ya dakika 8. Dakika hizi si za saa. Duara hugawanywa katika digrii 360, na kila digrii katika dakika 60. Na mwezi mpevu hufunika kama dakika 30 za anga. Basi tofauti ile ilikuwa kadiri ya robo ya upana wa mwezi. Nani angeiona? Nani angemlaumu Kepler kama angenyamaza?

Hapo ndipo moyo wa mtu hujulikana. Kepler alijua ya kuwa Tycho hakuwa mtu wa kukosea dakika 8. Basi hakuvisingizia vipimo, wala hakubadili tarakimu ili hesabu ipendeze. Alilitupa lile duara alilolitaabikia, akaanza upya. Mwisho aliona ya kuwa Mirihi hupita katika duaradufu, yaani njia iliyo kama duara lililobanwa kidogo, na jua haliko katikati yake bali upande mmoja. Aliyatangaza haya mwaka wa 1609, na imani ya maduara iliyodumu miaka 2,000 ikaanguka.

Juu ya msingi huo Mwingereza Isaac Newton alijenga mwaka wa 1687. Alionyesha ya kuwa nguvu ivutayo jiwe chini ndiyo iushikayo mwezi. Mwezi nao huanguka daima kuelekea dunia. Ila kwa kuwa waenda mbele kwa kasi, hauifikii, bali huizunguka. Tena nguvu hiyo hupungua kwa kipimo. Mwezi uko mbali na kiini cha dunia mara 60 kuliko jiwe lililo hapa chini, na mvuto wake umepungua mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Jiwe huanguka kadiri ya futi 16 katika sekunde ya kwanza. Mwezi huanguka futi kama hizo katika dakika nzima ya saa.

Je, jengo la Newton halikuwa na ufa? Lilikuwa nao. Njia ya sayari ya Utaridi ilionekana kugeuka kupita hesabu kwa sehemu ndogo mno, isiyofika hata dakika moja ya digrii katika miaka 100. Wataalamu hawakuifuta. Waliitunza katika vitabu vyao, hata mwaka wa 1915 Albert Einstein akaieleza kwa fikira mpya za mvuto. Wala kazi ya Newton haikutupwa: watu walipokwenda mwezini mwaka wa 1969, njia yao ilihesabiwa kwa kanuni zake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa haupaswi kuzibwa kwa chokaa tu, upate kufichika. Sharti uchunguzwe hata msingi. Mwanafunzi aonaye hesabu yake imetofautiana kidogo na jibu la kitabu, akafuta tarakimu ili zipatane, hupata alama na kupoteza elimu. Heri yule aiachaye tofauti yake wazi, akauliza imetoka wapi. Pengine ataona kosa lake, na hiyo ni faida. Pengine ataona kosa la kitabu, na hiyo ni faida ya watu wote.