Mambo ya Nyumbani: Nanasi na Tui la Nazi, Embe na Maziwa ya Ngamia

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya kinywaji kizito, kitamu na chenye ubaridi, kinachofaa kuwekwa mbele ya mgeni yeyote, awe mzee au mtoto, Mwislamu au Mkristo, maana hakina kileo hata tone moja. Twazungumza hasa na wale wanaokaa Gotu, katika nchi ya Isiolo, kando ya mto Ewaso Nyiro, ambako jua ni kali na mgeni akifika neno la kwanza ni kumpa cha kunywa. Lakini hata msomaji aliye mbali na huko ataona faida.

Katika hoteli za watalii vinywaji vya namna hii si vigeni, na mtu akikiona ndani ya bilauri ndefu hudhani ya kuwa hakiwezi kufanywa pasipo mashine ya umeme. Dhana hiyo si ya kweli. Kinu, chujio na mikono miwili yatosha. Linalotakiwa zaidi ni maarifa ya mambo mawili: tunda gani lapatana na mafuta gani, na maziwa gani ni salama kumpa mtu. Asiyejua mambo hayo, hata awe na mashine mbili, atamwaga alichokitengeneza.

Asili ya kinywaji hiki ni kisiwa cha Puerto Rico, katika bahari ya Karibi. Watu wa huko husema Kihispania, nao hukiita piña colada, yaani nanasi lililochujwa. Mwaka 1978 serikali ya kisiwa hicho ilikitangaza kuwa kinywaji chake rasmi. Wao hutia maji ya nanasi, nazi na pombe kali iitwayo ramu. Sisi twaiacha ramu, wala hatupungukiwi na kitu, kwa sababu uzito wa kinywaji hiki hutoka katika nazi, na utamu na ukali wake hutoka katika nanasi. Ramu haitii uzito wala ulaini.

Basi tuanze na nazi. Mtu wa Gotu ataniambia, “Mikoma imejaa kando ya mto wetu, nayo ni jamaa ya mnazi.” Ni kweli, mkoma na mnazi ni ukoo mmoja, lakini koma halitoi tui. Ganda lake hutafunwa kwa utamu wake, na kokwa yake ni ngumu kama mfupa. Hapana budi nazi iletwe kutoka pwani, Kilifi, Kwale au Lamu. Nazi kavu husafiri vizuri, nayo yaweza kukaa majuma kadhaa bila kuharibika. Unapoinunua, itikise karibu na sikio: nazi njema husikika maji ndani yake. Kisha tazama macho yake matatu. Yakiwa na ukungu au unyevunyevu, iache nazi hiyo dukani.

Kwa watu sita, yafaa uwe na nazi moja kubwa, nanasi moja la kadiri lililoiva, ndizi mbivu mbili, sukari vijiko vitatu vya chakula, ndimu moja, na chumvi kidogo sana. Kuna nazi kwa mbuzi ya nazi. Kama huna mbuzi, toa nyama ya nazi kwa kisu na uiparuze au uitwange katika kinu. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, fikicha kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, kisha kamua katika kifumbu au kitambaa safi. Hili ndilo tui la kwanza, ambalo watu wa pwani huliita kasimile. Liweke mbali. Tia vikombe viwili vya maji juu ya machicha, kamua tena, nawe utapata tui la pili, ambalo ni jepesi.

Nanasi lioshwe kabla ya kumenywa, ili uchafu wa ganda usifuate kisu mpaka ndani. Limenye, likate vipande, uvitwange polepole, kisha uchuje. Ponda ndizi mpaka zisiwe na madonge, uzichanganye na tui la pili, na kulipekecha kwa upekecho mpaka liwe laini. Tia maji ya nanasi, sukari, chumvi, na maji ya nusu ya ndimu. Tui la kwanza hutiwa mwisho, huku ukikoroga taratibu. Onja, kama ni tamu mno, ongeza ndimu. Kinywaji hiki kinyweke siku hiyo hiyo, kwa kuwa tui bichi huchacha upesi katika joto, wala halifai kuwekwa mpaka kesho.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Mtu wa nchi ya mifugo atasema, “Nazi ni ghali na yatoka mbali, na mimi nina maziwa. Kwa nini nisitie nanasi katika maziwa?” Swali hili ni la haki, na jibu lake ni hili: ukitia nanasi bichi katika maziwa, maziwa yataharibika mbele ya macho yako. Ndani ya nanasi mna kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Ndicho kinachowasha ulimi wa mtu aliyekula nanasi kupita kiasi, na ndicho kinacholainisha nyama ngumu ikipakwa maji ya nanasi. Kikikutana na protini za maziwa huzikata vilevile, na baada ya muda mfupi maziwa huwa machungu. Tena nanasi lina asidi, ambayo huyafanya maziwa kugandamana na kujitenga na maji yake. Tui la nazi halipatwi na hasara hiyo, kwa maana sehemu yake kubwa ni mafuta na maji, na protini yake ni kidogo. Kwa hiyo watu wa Karibi hawakukosea walipoliweka nanasi pamoja na nazi.

Dawa ya bromelini ni moto. Nanasi lililochemshwa kwa dakika tano hivi, kisha likapoa, halina tena nguvu ya kuyatia maziwa uchungu. Ndiyo sababu nanasi la kopo halileti uchungu huo, kwa kuwa limekwisha kupikwa kiwandani. Lakini asidi hubaki hata baada ya kupika. Kwa hiyo, ukitaka kulitia nanasi lililopikwa katika maziwa, tia kidogo, maziwa yawe baridi, na unywe mara moja. Papai nalo lina kimeng'enya cha namna hiyo, hasa likiwa bichi. Matunda yanayopatana vema na maziwa ni embe lililoiva sana na ndizi mbivu, na hayo hupatikana katika soko la Isiolo yakitoka upande wa Meru.

Maziwa yaliyo mengi huko ni ya ngamia. Katika ukame wa miaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kaskazini ya Kenya, ng'ombe wengi walikufa, lakini ngamia walistahimili zaidi. Kina mama wa Isiolo wa chama cha ushirika cha Anolei wameyafanya maziwa hayo kuwa biashara, wakiyakusanya na kuyapeleka Nairobi. Maziwa ya ngamia yana tabia yake: mafuta yake yamegawanyika katika matone madogo sana, na malai hayapandi juu upesi kama katika maziwa ya ng'ombe. Basi usingoje malai ili kupata uzito. Uzito utafute katika embe na ndizi. Tena wakati mwingine maziwa hayo huwa na chumvichumvi, kwa kadiri ya malisho na maji aliyoyapata mnyama. Onja kwanza, wala usiongeze chumvi nyingine.

Neno la pili ni kuchemsha. Tunajua ya kuwa wazee wengi wa wafugaji huona maziwa ya ngamia yaliyochemshwa yamepoteza nguvu, nao wameyanywa mabichi tangu utoto. Twawaheshimu wazee wetu, lakini ugonjwa hauna heshima. Uko ugonjwa uitwao bruselosi, unaowapata ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kumfikia mtu kwa njia ya maziwa mabichi. Humpa mtu homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi mingi, hata mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria. Katika mifugo husababisha kuharibika kwa mimba. Mtungi wa maziwa uliofukizwa moshi una harufu nzuri, na moshi hupunguza vijidudu vya chombo, lakini hauwezi kuponya maziwa yaliyotoka katika kiwele cha mnyama mgonjwa.

Si Afrika tu iliyojifunza jambo hili. Katika kisiwa cha Malta askari wa Kiingereza waliugua homa hii miaka mingi. Mwaka 1887 daktari David Bruce alitambua kijidudu chake, lakini hakujua kilikotoka. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, aligundua ya kuwa mbuzi wa kisiwani, walioonekana wazima kabisa, walikuwa na ugonjwa huo. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ikapungua sana miongoni mwao. Funzo lake ni kwamba mnyama aweza kunenepa na kung'aa manyoya, na bado maziwa yake yakawa na madhara. Jicho halitoshi, sufuria na moto ndivyo walinzi.

Kwa hiyo kinywaji cha pili hufanywa hivi. Chemsha vikombe vinne vya maziwa mpaka yatokote, ukikoroga ili yasiungue, kisha yafunike na kuyaacha yapoe kabisa. Menya maembe mawili makubwa yaliyoiva na ndizi mbili, uyaponde pamoja na kuyapitisha katika chujio ili nyuzi zibaki. Tia maziwa kidogo kidogo huku ukipekecha. Ongeza sukari kijiko kimoja au viwili kama embe si tamu, na iliki iliyotwangwa kwa wapendao. Hutapata ladha ya nazi, lakini utapata kinywaji kizito na laini, ambacho mtoto atakimaliza na mzee asiye na meno atakifurahia.

Labda mtasema, “Na ubaridi je? Hatuna friji.” Hapa mtu wa Gotu ana bahati kuliko mtu wa Mombasa. Weka kinywaji katika chombo chenye kifuniko, ukitie ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kisha uzungushie mtungi gunia au kitambaa kilicholoweshwa, na kuuweka kivulini mahali penye upepo. Maji ya kitambaa yakikauka huondoka na joto la mtungi. Katika hewa kavu ya kaskazini hukauka upesi, na mtungi hupoa vizuri. Pwani, kwenye hewa yenye unyevu, kazi hii huenda polepole. Ukipata barafu ya kununua mjini, uliza kwanza imefanywa kwa maji gani. Kuganda hakuui vijidudu vyote, na barafu ya maji machafu ni maji machafu. Maji ya mtoni yachemshwe kabla ya kuingia katika kinywaji, hata yakionekana meupe.

Mwisho, twataka kusema juu ya heshima. Siku ya Iddi, Krismasi au arusi, watu wengi huuza maziwa yao ili wapate fedha za kununua soda, kwa kuwa huona haya kumpa mgeni kitu kilichofanywa nyumbani. Hatusemi soda ni haramu, lakini ndani yake hamna ila maji, sukari, rangi na harufu. Aliye na maziwa mazuri, maembe mawili na mtungi wa udongo ana kitu bora zaidi cha kumpa mgeni wake, nacho kinashibisha. Hata karani mwenye mshahara hapungukiwi na cheo akikifanya kwa mikono yake mwenyewe. Jambo la aibu ni kumpa mgeni maziwa yasiyochemshwa, akaenda kwao na homa.

Basi jaribuni kwanza kwa bilauri moja, kabla ya kuita watu. Nanasi liende kwa tui, embe liende kwa maziwa, na maziwa yapite motoni. Mwenye kushika maneno hayo matatu hatamwaga kinywaji chake. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya kukausha maembe, ili yawepo hata msimu wake ukiisha.