Aendaye Msibani Naye Amesafiri

Lawama hii tumeisikia redioni, kwenye semina za utalii na vijiweni mpaka haiombwi tena ushahidi: Watanzania hatuna utamaduni wa kusafiri. Tunatoka Dar es Salaam kwa msiba, kwa harusi au kwa mzigo; shughuli ikiisha tunapanda basi tunarudi. Mmarekani, tunaambiwa, hujaza gari mafuta akaivuka nchi yake kutoka bahari hadi bahari kwa hamu tu ya kuiona. Yeye ni msafiri, sisi ni abiria.

Sikubaliani na lawama hiyo, na jibu langu nalianzia Kariakoo, kwa sababu sidhani kuna mahali pengine nchini panapokusanya watu wengi hivyo wanaozijua barabara zetu. Pita Mtaa wa Kongo au Msimbazi asubuhi uyaangalie marobota yanayoshonwa vibarazani. Kila moja limeandikwa kwa kalamu nene: Songea, Kahama, Tunduma, Lubumbashi. Wenye mizigo wamelala gesti za mitaa ya nyuma, na mazungumzo yao wakinywa chai ni ya njia: wapi mvua imekata barabara, mizani gani ina foleni, mpaka upi unapitika. Mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Tunduma atakuhesabia njia nzima bila kutazama ramani. Atakwambia Milima ya Uluguru inavyokaa kushoto kwako ukiikaribia Morogoro, na kwamba barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, ambako watoto huamshwa waone twiga. Vitunguu ununue Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula. Malori hupanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea, na sweta uitoe begini kabla ya Makambako. Anajua pa kula na pa kuchimba dawa. Yote hayo aliyajua akitafuta riziki, na ni kwa sababu hiyo hiyo wanaotulaumu wanamnyima jina la msafiri.

Hoja yao imesimama juu ya wazo moja, kwamba safari halisi ni ile isiyo na shughuli. Aliyekwenda kwa sababu hakwenda kuona. Naona kinyume chake: shughuli ndiyo inayomfungulia mtu mlango wa watu.

Iringa mimi niliijua kwa msiba. Tulifika jioni, tukaelekezwa kwa ndugu ambao wengi wetu hatukuwahi kuonana nao, na usiku wanaume tukakaa nje kuzunguka moto, maana baridi ya kule haimsamehe mtu wa pwani. Tulikula walichopika majirani. Asubuhi tulishika jembe na sepetu pamoja na vijana wa kijiji, kwa zamu. Usiku wa pili wazee walisimulia jinsi babu yao alivyoondoka Ubena kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, nani alibaki na shamba lipi, na ugomvi gani uliwafanya watu wa bondeni wasioane na watu wa mlimani kwa muda mrefu. Hakuna aliyetupangia ziara. Mtalii aliyepita siku ile angeweza kuipiga picha nyumba ile akiwa barabarani; sisi tulilala ndani, tukajua paa lake linavuja wapi. Anayesema tulikwenda tukarudi bila kuiona nchi atueleze kwanza nchi ni kitu gani kama watu wake hawamo.

Hata huko Marekani tunakopimiwa, historia ya barabara haiungi mkono hadithi hii ya starehe. Route 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago mpaka California, ilipata jina kubwa katika miaka ya 1930 kwa kubeba wakulima waliong'olewa na ukame na madeni huko Oklahoma na majimbo jirani. Walipakia magodoro juu ya magari machakavu, wakaenda kutafuta vibarua mashambani. Na Mmarekani mweusi hakuweza kusimama popote alipopenda. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mtumishi wa posta aliyeishi Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambako mtu mweusi angepokelewa. Kiliendelea kutolewa mpaka miaka ya 1960. Familia zilizohamia miji ya kaskazini zilirudi kuwaona ndugu kusini zikiwa na chakula chao ndani ya gari, kwa kuwa njiani hawakuwa na hakika ya kuuziwa hata sahani moja. Walikuwa wakienda kuzika, kuozesha, kuwapeleka watoto kwa bibi. Sijasikia mtu akisema kwamba wale hawakuwa wasafiri.

Nasi tunao waliotutangulia. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, simulizi za watu wa huku kwetu kwa Kiswahili chao. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari ya bara, na Salim bin Abakari anasimulia Urusi na Siberia, alikokwenda katika utumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Mmoja alifuata biashara, mwingine alikuwa kazini. Hawakutoka kwa matembezi, lakini walitazama, wakakumbuka, wakaeleza. Mwenye vitenge wa Mtaa wa Kongo ana mengi ya kueleza kama wao, ila hakuna anayemkalisha akamuuliza. Hilo ndilo pengo ninaloliona mimi: tunasafiri sana, tunasimulia kidogo, na anayeandika kitabu kuhusu barabara zetu mara nyingi ni mgeni aliyepita mara moja.

Kuna jambo moja katika lawama ile ambalo ni kweli, na ni zito. Mtu anaweza kwenda Tunduma miaka kumi asifike Isimila, mahali penye zana za mawe za miaka zaidi ya laki mbili, kilomita kama 20 tu kutoka Iringa mjini kwenye barabara hiyo hiyo ya Mbeya. Anaweza asikione Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zaidi ya 10 kilichoanguka kutoka angani, ingawa basi linapita wilaya ile ile. Kiingilio hakiwezi kuwa sababu yote, kwa kuwa raia hulipa kwa shilingi, kiwango kidogo sana kuliko cha mgeni. Wanaotulaumu hukimbilia kusema hatupendi. Mimi natazama tiketi. Basi likisimama, abiria anapewa dakika za kula na kujisaidia, basi. Akitaka kushuka Iringa leo aendelee kesho, siti aliyoilipia mpaka mwisho wa njia imepotea. Tena yuko na marobota matano chini ya basi. Nani ashuke kwenda kutazama mawe, mzigo wake ukitangulia Tunduma peke yake?

Na njia zenyewe zinazidi kufungwa macho. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo la miaka mingi lililowekwa kwa sababu ya ajali. Wafanyabiashara walishangilia, nami nawaelewa, maana siku nzima barabarani ni siku nzima bila kuuza. Mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria mpaka Dodoma, na sasa mwenye kikao cha asubuhi kule anaweza kuwa amerudi nyumbani kabla ya usiku kuingia. Sitaki mabadiliko hayo yarudishwe nyuma. Ila anayevuka Mikumi saa nane za usiku haoni twiga wala Uluguru, na ile elimu ya njia niliyoisifu itakosa wa kuirithi. Semina inayowahimiza watu wale wale wachukue likizo wasiyo nayo, wakodi gari wasilolimudu, wakatalii kama Mmarekani wa kwenye filamu, haitaziba pengo hilo.

Wenye utalii wa ndani wangeanza na safari zilizopo. Msiba, harusi na mzigo tayari vinawatoa watu mjini kila siku kwa maelfu. Kazi iliyobaki ni kuwapa nusu siku. Kampuni za mabasi ziuze tiketi inayokatika Iringa au Mbeya: unashuka leo, mzigo unabaki stoo ya kampuni kwa stakabadhi, kesho unapanda basi lao la saa ile ile. Pale stendi pawe na gari dogo la kwenda Isimila na kurudi kwa nauli inayojulikana, na bango linaloeleza kwa Kiswahili kilichoko kule. Kampuni haitapoteza siti. Ile iliyoachwa Iringa makondakta wanajua kuijaza, wanafanya hivyo kila siku kwa abiria wa njiani.