Aliyeagizwa Viatu: Kuitazama Upya Dr. No Kutoka Nakuru

Kati ya Februari na Aprili mwaka wa 1962, wajumbe wa vyama vya Kanu na Kadu walikuwa Lancaster House, London, wakivutana kuhusu Kenya itakayokuwa huru. Kadu ilidai majimbo, Kanu ikashikilia serikali moja yenye nguvu, na chini ya mvutano huo kulikuwa na swali la mashamba ya Bonde la Ufa: mlowezi akiondoka, ataingia nani? Majuma hayohayo, katika studio za Pinewood nje kidogo ya London, mwigizaji kutoka Uskoti ambaye wengi hawakuwa wakimjua, Sean Connery, alikuwa akikamilisha filamu iliyoanza kupigwa Jamaika mwezi Januari. Filamu hiyo ni Dr. No, ya kwanza katika mfululizo wa James Bond.

Mfululizo huo sasa una filamu 25 za kampuni ya Eon, na tangu mwaka wa 2025 hatima yake iko mikononi mwa Amazon MGM. Dunia nzima inabishana kuhusu nani atavaa suti ya 007. Huu ni wakati mzuri wa kurudi kwenye ile ya kwanza, na kuitazama kutoka mji uliokuwa makao makuu ya walowezi wa Kenya. Anayeitazama kutoka Nakuru huona mambo ambayo mtazamaji wa London huyapita.

Haki yake kwanza: Dr. No ni kazi iliyofumwa vizuri. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni moja, pesa kidogo hata kwa wakati huo, na uhaba huo umeipa nidhamu ambayo filamu nyingi zilizofuata ziliikosa. Hakuna gari linalorusha makombora, hakuna saa yenye miale. Akiwa kwenye chumba chake cha hoteli mjini Kingston, Bond anang'oa unywele wake mmoja, anaulowesha kwa mate, anaubandika kwenye mwanya wa milango ya kabati. Kisha anapaka poda kwenye vifungio vya mkoba wake. Anaporudi usiku, unywele haupo, na mara moja anajua kwamba chumba kimeingiliwa. Mkurugenzi Terence Young haharakishi. Kamera inakaa na mtu mmoja peke yake chumbani, na mtazamaji anajifunza ujasusi kwa macho, bila mtu yeyote kumhutubia.

Kuna pia lile tukio la Profesa Dent, anayekuja kumuua Bond. Bond ameketi gizani akicheza karata peke yake, mito imelazwa kitandani mahali pa mtu. Dent anaingia, anaimiminia mito ile risasi, kisha anagundua kwamba aliyemfuata yuko nyuma ya mlango. Bond anamwambia risasi zake sita zimekwisha, naye anamuua bila kupandisha sauti. Kwa shujaa wa sinema wa mwaka wa 1962, huo ulikuwa ukatili mpya kabisa. Ukiongeza majumba makubwa ya ajabu yaliyobuniwa na Ken Adam, na muziki wa Monty Norman uliopangwa na John Barry, utaelewa kwa nini filamu hii ilipozinduliwa London tarehe 5 Oktoba 1962 ilizaa ukoo mzima.

Ila miezi miwili kabla ya uzinduzi huo, tarehe 6 Agosti, Jamaika ilikuwa imepata uhuru. Filamu ilipofika kwenye kumbi, nchi iliyoonyeshwa ndani yake ilikuwa imekwisha kisheria. Dr. No inaonyesha Jamaika ya gavana na makatibu wake, ya klabu ambamo Wazungu wanacheza karata huku weusi wakihudumu, ya jasusi Mwingereza anayeshuka kwenye ndege na kuanza kutoa amri siku hiyohiyo. Yeyote aliyekulia pembeni mwa Rift Valley Sports Club hapa Nakuru, au kwenye nyumba za vibarua huko Njoro, Molo na Subukia, hahitaji kuelezwa mpangilio huo. Anaujua kutoka kwa babu na nyanya zake.

Ndani ya mpangilio huo yumo Quarrel, mvuvi kutoka visiwa vya Cayman. Yeye ndiye anayeijua bahari. Ndiye mwenye mashua, ndiye anayejua njia ya kufika kisiwa cha Crab Key usiku bila kuonekana, na ndiye aliyewahi kumvusha jasusi Strangways aliyeuawa mwanzoni mwa filamu. Bila yeye hakuna safari, na bila safari hakuna filamu. Wanapofika kisiwani, Bond anamwamuru amletee viatu vyake. Ni amri fupi, inatolewa njiani kama jambo la kawaida, na filamu inasonga mbele.

Kisha Quarrel anaonyeshwa akiogopa joka. Watu wa visiwani wanasema Crab Key ina joka linalotema moto, naye anaamini. Kumbe ni gari la kivita lililopakwa rangi na kufungwa mtambo wa kurusha miali ya moto. Bond hadanganyiki, Quarrel anadanganyika, na moto wa gari hilo ndio unaomuua. Shujaa anaendelea na safari akiwa na Honey Ryder, aliyeigizwa na Ursula Andress, na ni vigumu kukumbuka kama kuna mtu yeyote aliyemlilia marehemu.

Mtu aliyepewa nafasi ya Quarrel aliitwa John Kitzmiller. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyefika Italia kama mwanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akabaki huko na kuwa mwigizaji anayeheshimika. Mwaka wa 1957, kwenye tamasha la Cannes, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Yugoslavia iitwayo Dolina miru. Hakuna mwigizaji mweusi aliyekuwa ameipata tuzo hiyo kabla yake. Miaka mitano baadaye, mshindi huyo wa Cannes akapewa kazi ya kubeba viatu na kuogopa joka. Alifariki mwaka wa 1965 akiwa bado hajafikisha miaka 60. Akumbukwe, maana kila aliyeiona Dr. No amemwona, na wachache mno wanalijua jina lake.

Wala si yeye peke yake. Dr. No mwenyewe, ambaye hadithi inasema ni nusu Mchina na nusu Mjerumani, aliigizwa na Joseph Wiseman, Mzungu mzaliwa wa Kanada aliyechorwa macho. Ilihitajika hatari kutoka Asia, lakini si mwigizaji kutoka Asia.

Rudi sasa Nakuru ya miaka hiyohiyo. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni, udhibiti wa filamu nchini Kenya ulipima zaidi ya umri wa mtazamaji. Kuna filamu zilizoruhusiwa kwa Mzungu na kukatazwa kwa Mwafrika. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo hadi leo inatajwa kila Bodi ya Kuainisha Filamu inapopiga filamu marufuku, ilitungwa mwaka wa 1962, mwaka uleule wa Dr. No. Watawala walijua vizuri kwamba picha inayotembea ina nguvu. Walihofia kile ambacho Mwafrika angekiona kwa Mzungu aliye kwenye skrini. Hawakuhofia hata kidogo kile ambacho Mzungu angekiona kwa Quarrel.

Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta alisimama katika Ukumbi wa Mji wa Nakuru mbele ya mamia ya walowezi waliojaa hofu, akawaambia wasameheane yaliyopita na kwamba wanaotaka kubaki walime, wabaki. Mpango wa kununua ekari milioni moja za mashamba yao ulikuwa tayari umeanza. Miezi mitano hivi baadaye, Januari 24, 1964, wanajeshi wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, nje kidogo ya mji huu. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea tarehe 12 mwezi huohuo, jeshi la Tanganyika lilikuwa limeasi tarehe 20, la Uganda tarehe 23. Serikali changa ya Kenya iliita wanajeshi wa Uingereza kuuzima uasi huo. Askari wakapelekwa mahakama ya kijeshi, kikosi kikavunjwa, na mwaka huo Kenya ikatia saini makubaliano ya ulinzi na mtawala wake wa jana.

Hiyo ni hadithi ya usalama wa taifa yenye kila kitu: saa za hofu, redio, siri za kambini, na swali la nani hasa aliyekuwa akiilinda nchi. Ilitokea Lanet, mahali ambapo matatu za kuelekea Nairobi hupita kutwa. Vijana wengi wa Nakuru wanaweza kusimulia jinsi Bond alivyomuua Dent, lakini hawajui kilichotokea Lanet. Lawama haziwaendei wao. Bond alitengenezewa filamu, Lanet haikutengenezewa.

Afrika Mashariki yenyewe ilipoingia kwenye Bond, iliingia kwa mlango wa nyuma. Casino Royale ya mwaka wa 2006 ina kambi ya waasi nchini Uganda, yenye bunduki na kiongozi katili anayetafuta mtu wa kumtunzia pesa. Haikupigwa Uganda. Miaka 44 baada ya Quarrel, mtu wetu alikuwa amepanda cheo kutoka mbeba viatu hadi mteja wa benki haramu. Jamaika angalau ilisogea mbele: katika No Time to Die ya mwaka wa 2021 Bond anarudi huko akiwa amestaafu, na anakuta namba yake 007 imepewa mwanamke mweusi, Nomi, aliyeigizwa na Lashana Lynch, mzaliwa wa London mwenye asili ya Jamaika. Huyo haagizwi viatu.

Hata hivyo Kenya haikukaa kimya muda wote huo. Mwaka wa 1980 David Maillu, mwandishi ambaye vitabu vyake vilikuwa vimepigwa marufuku Tanzania katika miaka ya 1970, alichapisha The Equatorial Assignment katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan. Shujaa wake ni Benni Kamba, jasusi namba 009, anayetumikia shirika la Kiafrika linaloitwa NISA. Adui ni Dr. Thunder, mwenye kambi ya siri inayotumikia mataifa makubwa yanayotaka kuyumbisha serikali za Afrika. Ni wazi Maillu alikuwa akimjibu nani. Daktari mwovu yupo, kambi yenye mitambo ipo, mwanamke mrembo yupo, namba yenye sifuri mbili ipo. Kilichobadilika ni mwenye mashua: safari hii Mwafrika ndiye anayeamua inakwenda wapi. Upande wa Tanzania, Elvis Musiba alikuwa amekwisha kumtoa Willy Gamba, mpelelezi anayefanya kazi yake kwa Kiswahili, na riwaya zake zilisomwa hadi majalada yakachakaa.

Kuna wanaosema Maillu aliiga. Ndiyo, aliiga umbo, na hakuna aibu katika hilo. Fleming, mwandishi wa riwaya za Bond, naye aliichukua sura ya hadithi ya joka na binti kutoka kwa wahenga wa Ulaya. La maana ni kwamba Maillu alikataa kugawa akili na woga kwa rangi ya ngozi. Kitabu chake kina kasoro, hasa jinsi kinavyowatazama wanawake, na atakayekifanya filamu leo itabidi azirekebishe. Lakini mifupa ya filamu imo.

Na mandhari hayahitaji kutafutwa mbali. Dr. No alijificha nyuma ya mgodi wa boksiti. Karibu na Gilgil kuna machimbo ya Kariandusi, ambako udongo mweupe wa diatomaiti umechimbwa hadi vilima vikakatwa kuta, na hatua chache kutoka hapo kuna zana za mawe za watu wa kale zilizochunguzwa na Louis Leakey. Dr. No alikuwa na mtambo wa nyuklia. Olkaria ina mabomba yanayopita katikati ya majabali na mvuke unaopanda usiku na mchana, kazi iliyoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Katika riwaya ya Fleming, kisiwa cha Crab Key ni hifadhi ya ndege, na jina lenyewe la James Bond mwandishi huyo alilitoa kwa mtaalamu wa ndege wa Marekani. Ziwa Nakuru lilitengwa kwa ajili ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1968. Kreta ya Menengai iko juu ya mji, inaonekana kutoka mitaani.

Watazamaji nao wapo. Kwenye vibanda vya video, watu wamekuwa wakilipa sarafu zao kumsikiliza DJ Afro akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, akiwapa wahusika wa Hollywood majina na matusi ya Kikenya. Wanaotaka kusikia jasusi akiongea lugha yao wamekwisha kujipanga kwenye foleni. Kinachokosekana ni mtayarishaji mwenye ujasiri na mwenye pesa za kulipia haki za kitabu.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021. Serikali ya kaunti inaweza kuanza kwa jambo dogo na la bei nafuu: usiku mmoja wa sinema katika Ukumbi wa Mji uleule wa mwaka wa 1963, Dr. No ikionyeshwa kwa wanafunzi na wazee pamoja, mjadala ukifuata kuhusu Quarrel na kuhusu Lanet, na nakala za The Equatorial Assignment zikiwa mezani. Wazee waliokuwa vijana usiku wa Januari 24, 1964 sasa wamepita miaka themanini. Watengenezaji filamu wa Bonde la Ufa wachukue vinasa sauti waende kuwaona mwaka huu.