Programu Wakala na Ufunguo wa Chumba Kimoja

Tangu kampuni za teknolojia zianze kutoa programu za akili unde zenye uwezo wa kutenda, wala si kujibu maswali tu, mjadala vyuoni umeelemea upande mmoja: iwapo wanafunzi wanaandikiwa tasnifu. Suala hilo lina uzito wake. Hata hivyo, lipo jingine lisilopewa nafasi. Programu inapotumwa kufungua hifadhidata, kupeleka barua pepe au kupakua makala kwa niaba ya mtu, ni nani anayeamua iguse nini, na kwa kasi gani?

Lugha yenyewe imechangia kulififisha swali hili. Programu hizo huitwa mawakala, na neno wakala katika ngeli ya A-WA huandamana na vitenzi vya watu: wakala amesoma, ameelewa, ameahidi. Sarufi ikishampa utu, msikilizaji humpa na imani. (Nchini Tanzania, ambako asasi kadhaa za serikali huitwa wakala, si nadra kusikia "wakala huu", huenda upatanisho huo ungefaa zaidi hapa.)

Imani hiyo ina gharama. Mnamo Julai 2025, programu wakala ya kampuni ya Replit ya Marekani ilifuta hifadhidata ya kazi halisi ya mteja aliyekuwa akiijaribu, ilhali mteja alikuwa ameagiza waziwazi kwamba pasifanywe badiliko lolote. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, na miongoni mwa hatua zilizotangazwa ni kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile halisi. Hatua hiyo inasema mengi. Hawakuandika agizo kali zaidi; walijenga ukuta.

Ni dhahiri, basi, kwamba agizo si uzio. Programu hizi huongozwa kwa maneno, na kila mwanafunzi wa pragmatiki anajua kuwa maneno hufasiriwa. Isitoshe, mtu mwenye hila anaweza kuficha maagizo yake ndani ya ukurasa ambao programu itausoma, nayo ikayatii kana kwamba yametoka kwa bwana wake. Mipaka haina budi kuwekwa mlangoni, mahali ambapo programu haiwezi kubembeleza. Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kanuni kwamba kila programu ipewe idhini chache kabisa zinazotosha kazi yake. Iliyotumwa kusoma katalogi ya maktaba haihitaji ufunguo wa ofisi ya msajili.

Kasi nayo hudhuru hata pasipo hila. Mwezi Aprili 2025, Wakfu wa Wikimedia ulieleza kuwa asilimia 65 ya maombi yaliyo ghali zaidi kwa seva zake yalitoka kwa roboti, ingawa roboti hizo zilichangia takriban asilimia 35 tu ya kurasa zilizofunguliwa. Wikipedia ya Kiswahili imo katika hifadhi ya wakfu huo huo. Faili ya robots.txt, iliyobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 ili kuzieleza roboti zisiingie wapi, ni kama hodi: humfaa mwenye adabu.

Dawa yake ni ukomo wa maombi. Seva humtengea kila mtumiaji debe la vibali, kwa mfano 60. Kila ombi huchukua kibali kimoja, na debe hujazwa taratibu, kibali kimoja kila sekunde. Msomaji wa kawaida hataona tofauti yoyote. Programu inayoomba mara 100 kwa sekunde itakuta debe tupu, ijibiwe kwa nambari 429, maana yake maombi yamezidi, nayo isubiri.

Watakuwapo watakaodai kwamba vikomo humwonea mtafiti maskini anayekusanya matini za gazeti kwa ajili ya uchanganuzi. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, hasa kwa kuwa kampasi nzima aghalabu huonekana nje kwa anwani moja ya intaneti. Kikomo kikifungwa kwenye anwani, programu ya mwanafunzi mmoja huwafungia wenzake wote maktaba ya mtandaoni. Kwa hivyo kikomo kifungwe kwenye ufunguo wa mtu binafsi, na mtafiti aliyejieleza aongezewe. Tena, kusoma na kufuta visipimwe kwa debe moja: kufuta kungoje kibali cha binadamu.

Wakenya si wageni wa jambo hili. Mnamo Agosti 2023, kiwango cha juu cha muamala mmoja wa M-Pesa kilipandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000. Kilipandishwa, hakikuondolewa, na hakuna aliyehisi ametukanwa.

Vyuo vinavyofikiria kuzikaribisha programu hizi katika kumbukumbu za wanafunzi vikumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka mwenye kushika taarifa za watu aziwekee kinga. Alama zikibadilishwa usiku kwa nywila ya msajili, programu haitaitwa mbele ya seneti kujieleza. Kwa sababu hiyo kila tendo lake liandikwe daftarini pamoja na saa yake, na kando ya tendo hilo jina la mtu aliyeituma.