Amri, Rungu na Uhuru

Msomaji wangu, yako mambo ambayo yakishapita yafaa kusahauliwa, na mengine yafaa kukumbukwa, yasije yakatukuta tena tukiwa wajinga wa jana. Miongoni mwa haya ya pili ni marufuku ya kutoka usiku iliyowekwa nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Watu waliibishania majumbani, kazini na mahakamani, na ubishi huo haujakwisha.

Wako waliosema kuwa serikali haina haki ya kumpangia mtu mzima saa ya kurudi kwake. Neno hili ni tamu masikioni, lakini halina mizizi. Mtu anayo ruhusa ya kuchoma magugu katika shamba lake. Lakini upepo ukivuma kuelekea mapaa ya jirani, ruhusa hiyo husimama. Korona ilisafiri katika pumzi, na pumzi haijui ua wala mpaka. Adaiye uhuru wa kumwambukiza mwenziwe hadai uhuru, adai dhuluma.

Wako wengine waliosema kuwa maradhi hayana mjadala: raia atii, na akiuliza apigwe. Hawa ndio niwapingao zaidi, maana kosa lao limevaa kanzu ya busara. Tazama yaliyotukia Likoni, Mombasa, siku ile ile ya kwanza. Marufuku ilikuwa ianze saa 1 jioni. Kabla ya saa hiyo kutimia, watu waliokuwa wakingoja feri warudi makwao walirushiwa vitoza machozi na kupigwa marungu. Walioambiwa wasikaribiane wakarundikana. Walioambiwa wasijiguse nyuso wakajifuta machozi kwa mikono yao. Je, huko kulikuwa kuyazuia maradhi, au kuyasaidia? Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi katika roshani ya nyumba yao, Nairobi, askari walipokuwa wakitekeleza amri hiyo. Alikuwa kwao, pale pale amri ilipomtaka awe.

Tena mzigo haukuwa sawa kwa wote. Mwenye mshahara alifunga mlango akalala. Mama muuza viazi karai, ambaye soko lake huchangamka jua likizama, alifunga mlango akalala na njaa. Akiuliza marufuku itaisha lini, na watoto wake watakula nini, je, huyo ni mwasi?

Mwezi wa Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa marufuku yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu ya kupita kiasi iliyotumiwa na polisi ilivunja Katiba. Uamuzi huo umewajibu wabishani wote wawili. Kifungu cha 24 cha Katiba ya mwaka 2010 chakubali haki iwekewe mipaka, ila kwa sheria, na kwa kadiri ifaayo yenye sababu ya kuelezeka.

Maradhi mengine yaweza kuja kesho, na huenda wakati huo wewe ukawa daktari, askari au mbunge. Ukipewa amri yenye sababu, itii hata ikikuchoma. Ukipewa rungu, kumbuka kuwa uliyesimama mbele yake ndiye yule yule uliyetumwa kumwokoa.